Jamaa ametoka jela kwa kesi ya kunajisi mtoto, amepanga ploti yetu. Ni nani anafaa kumchunga?

#1 Baba_Taji (Nakuru)
Wadau, hamjambo. Ploti yetu iko Kaptembwa, vyumba vimebanana na watoto ni wengi. Kuna mpangaji mpya aliingia chumba cha mwisho karibu na choo. Mtulivu, kodi analipa, anauza viatu vya mtumba. Juzi keateka, yule msimamizi wa ploti, akatuambia jamaa alifungwa kwa kumnajisi mtoto, akamaliza kifungo akatoka. Kufikia jioni picha yake ilikuwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha ploti. Usiku ikafika kikundi cha kanisa. Asubuhi ikawa stendi ya boda.

Nilipita kituo cha polisi kuuliza kama wana habari zake. Afisa wa zamu akaniuliza, "Amefanya nini tena?" Nikamwambia hajafanya kitu. Akasema basi niende nyumbani.

Sasa nauliza. Kuna mtu yeyote serikalini kazi yake ni kumwangalia huyu? Na kama hayuko, sisi tukimwangalia tunakosea?

#2 Mama_Pendo
Unakaa na watoto hapo halafu unauliza kama unakosea? Ahame. Kesho. Mengine mtajadili akishaondoka.

#3 Kijiti_cha_Rhonda
Huyo keateka wenu mpelekeni NIS, idara ya ujasusi, anapotea bure kusoma mita za maji.

#4 Omwami_Lurambe
Akihama Kaptembwa ataenda Mwariki. Mama Pendo, watoto wa Mwariki si watoto?

#5 Wakili_wa_Kona (Kisumu)
Baba Taji, jibu la swali lako la kwanza liko kwenye sheria tangu 2006. Sheria ya Makosa ya Kingono, kifungu cha 39. Mahakama inaweza kumtangaza mtu kuwa mkosaji hatari wa kingono ikiwa ana hukumu zaidi ya moja za aina hiyo, au alitumia nguvu au vitisho, au aliyekosewa ni mtoto. Akishatangazwa, anawekwa chini ya uangalizi wa muda mrefu baada ya kutoka. Anaweza kukatazwa pombe, kukatazwa kwenda mahali fulani, kukatazwa kutafuta kazi za aina fulani, na kulazimishwa kuhudhuria mafunzo ya kurekebisha tabia. Kabla ya hapo mahakama husoma ripoti, mara nyingi ya afisa wa probesheni.

Kifungu hichohicho kinamwagiza Msajili wa Mahakama Kuu aweke rejista ya waliopatikana na hatia. Na mkosaji wa namna hiyo akificha hukumu yake anapoomba kazi ya kulea watoto, hilo ni kosa lingine la jinai.

Kwa hivyo mwenye jukumu yupo. Ila si OCS, mkuu wa kituo cha polisi, na wala si kikundi cha WhatsApp.

#6 Omwami_Lurambe
Wakili, karatasi tumeelewa. Wewe umesimama kortini miaka mingapi, na umesikia hakimu akimtangaza nani "mkosaji hatari"?

#7 Wakili_wa_Kona
Mara chache sana. Upande wa mashtaka ukipata miaka 20 huwa umeridhika, hauombi zaidi. Hakimu naye hatoi asichoombwa. Mtu anaingia jela ya Kodiaga bila amri ya uangalizi, na akitoka hakuna wa kumwandikia amri mpya mlangoni.

#8 Afande_Mstaafu
Salaam. Nimefanya kazi hii mpaka nikastaafu, naomba kuongeza. Wakili amesahau uangalizi wa polisi, kifungu cha 343 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Mtu akitoka jela aliripoti kituoni, akasema analala wapi, na akihama anasema. Tulikuwa na daftari. Tulimjua kila mmoja kwa sura, tulijua anakunywa wapi. Kilichoua mambo ni haki za binadamu. Siku hizi ukimtembelea mtu nyumbani mara mbili unaitwa mnyanyasaji.

#9 Wakili_wa_Kona
Mzee wangu Afande, kwa heshima. Kifungu hicho ni cha mtu aliyerudia kosa zito, amri inatolewa na mahakama wakati wa hukumu, na muda hauzidi miaka 5. Waliojaa kwenye daftari lenu walikuwa wanyang'anyi. Wanajisi mlikuwa nao wangapi?

#10 Afande_Mstaafu
Wezi wa mifugo pia walikuwepo. Wa kunajisi, nitasema ukweli, hawakuwa wengi, kwa sababu kesi zenyewe hazikufika kortini. Zilimalizwa nyumbani.

#11 Nyar_Kano
Asante Afande kwa kulisema hilo, maana uzi mzima mnamjadili mgeni wa chumba cha mwisho.

Binamu yangu alikosewa na mume wa shangazi yetu. Alikuwa darasa la tano. Wazee walikaa, ndama akatolewa, soda zikanywewa, ikasemwa jina la ukoo lisiharibiwe. Mama yake alipotaka kwenda kuripoti aliambiwa atakuwa amemfukuza shangazi kwenye ndoa yake. Huyo mwanamume hajawahi kulala jela hata usiku mmoja. Kwenye matanga anakaa mbele na ndiye anayeshika daftari la michango. Hayuko kwenye rejista ya Msajili wala ya Afande, na picha yake haizunguki popote.

Kisheria familia haina mamlaka ya kufuta kesi kama hiyo. Kifungu cha 40 cha ile sheria ya 2006 kilisema uamuzi wa kusimamisha ni wa Mwanasheria Mkuu, na siku hizi kazi hiyo ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Wazee wetu wamesikia? Wamesikia sana.

#12 Mama_Pendo
Pole dada. Lakini hilo halinifanyi nimwamini wa chumba cha mwisho. Wote wawili wachungwe.

#13 Nesi_Zamu_ya_Usiku (Kisumu)
Nyar Kano yuko sahihi. Utafiti wa kitaifa wa 2010 uliwauliza vijana wa miaka 18 hadi 24. Wasichana 32 kati ya kila 100 walisema walidhulumiwa kingono kabla ya kufika miaka 18, na wavulana 18 kati ya 100. Uliporudiwa 2019 namba zilikuwa zimeshuka, lakini bado zinatisha. Wanaoletwa kwetu usiku, ukiuliza ni nani, unaambiwa jirani, baba wa kambo, kaka, mwalimu wa tyusheni. Yule mtu mweusi wa kichakani wa hadithi za bibi simpati sana.

Jambo la kwanza mtoto akikosewa: hospitali kabla ya saa 72 kuisha, msimwoshe, nguo mzifunge kwenye karatasi, si mfuko wa plastiki. Namba ya watoto ni 116, haina malipo. Nimeandika hapa kwa sababu watu husoma nyuzi hizi wakitafuta kitu kingine.

#14 Kijiti_cha_Rhonda
Nesi, shukrani. Hapo kwa karatasi sikuwa najua.

#15 Boda_Pipeline
Mimi niongee kuhusu picha. Stendi yetu tuliwahi kutumiwa picha ya jamaa, ikaandikwa "mbakaji, yuko maeneo". Jioni moja vijana wakamkamata muuza maji kwa sababu ana pengo la meno kama la kwenye picha. Alipigwa mpaka mkokoteni wake ukavunjwa. Baadaye tukaambiwa picha ilitoka kaunti nyingine na ilikuwa ya zamani. Walioituma wote walifuta. Muuza maji meno mengine matatu hayako.

#16 Mama_Pendo
Hiyo ni ujinga wa vijana, si kosa la picha.

#17 Boda_Pipeline
Mama, picha ikifika stendi vijana ndio sisi.

#18 Mwalimu_Chwele
Wadau mnasema ni kama kutangaza majina ni jambo geni hapa nchini. Tume ya Walimu, TSC, hutoa majina ya walimu waliofutwa kwenye usajili, na wengi wao ni kwa sababu ya wanafunzi. Kuna waraka namba 3 wa 2010 unaomtaka kila mwalimu aripoti dhuluma anayoijua. Kabla ya hapo mwalimu alikuwa akiharibu Bungoma anahamishiwa Trans Nzoia, anaanza upya na barua nzuri ya mwalimu mkuu. Orodha ilisaidia.

#19 Kijiti_cha_Rhonda
Orodha inamzuia kufundisha shuleni. Inamzuia kufungua tyusheni chini ya mwembe?

#20 Mwalimu_Chwele
Haimzuii. Ndiyo maana nimesema ilisaidia, sikusema ilitibu.

#21 Mgeni_Leicester
Nasoma kutoka Uingereza, nilizaliwa Nakuru, Langa Langa. Huku rejista ilianza 1997. Aliyehukumiwa huenda polisi ndani ya siku 3 akatoa jina, anakolala, akaunti ya benki, pasipoti. Akihama, siku 3 tena. Kila mwaka anarudi. Akiwa hana makao, kila wiki. Polisi hufika kwake bila miadi, na walio hatari zaidi hupimwa kwa mashine ya kugundua uongo.

Ila rejista hiyo si ya kila mtu. Mzazi akimtilia shaka mtu aliye karibu na mtoto wake anaenda kuuliza polisi, na utaratibu huo umeenea England na Wales yote tangu 2011. Wakiona kuna hatari wanakwambia wewe peke yako, na unaonywa usisambaze. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya huku ilisema kumweka mtu maisha bila nafasi ya kuomba kutolewa ni kinyume cha haki, kwa hivyo sasa mtu mzima anaweza kuomba baada ya miaka 15.

Hilo la kumwambia mzazi mmoja ndilo ningependa nyumbani tuige.

#22 Omwami_Lurambe
Mzazi mmoja wa Kaptembwa aambiwe siri na asisambaze. Ndugu yangu, umekaa Leicester muda mrefu.

#23 Jaduong_Mitumba
😂😂 #22 ameua. Na kwa kuwa tuko hapa, nani anauza tiketi za mechi ya Gor Mahia Jumapili?

#24 Msomaji_wa_Njoro
Marekani walichagua njia nyingine, tazameni ilikoishia. Tangu 1996 kila jimbo hutakiwa kuwatangazia wananchi, na majina yako mtandaoni na ramani juu. Miji ikaongeza masharti ya umbali kutoka shule. Miami masharti yalibana hadi waliotoka jela wakajenga kambi chini ya daraja la Julia Tuttle, na maafisa wa uangalizi walijua, kwa kuwa hapakuwa na nyumba nyingine halali. Mtu ambaye unataka kujua analala wapi, umemfanya asiwe na pa kulala.

Wachumi wawili, Prescott na Rockoff, walichapisha utafiti 2011. Walichoona ni kwamba kuandikishwa polisi kulielekea kupunguza makosa, lakini kuwatangazia watu wote hakukupunguza kurudia, pengine kuliongeza. Mtu asiye na kazi, nyumba wala rafiki ana kipi cha kupoteza?

#25 Mama_Pendo
Na mtoto je, ana kipi cha kupoteza? Utafiti, utafiti. Mimi nina wasichana wawili na mlango wa mabati.

#26 Msomaji_wa_Njoro
Nakuelewa, mama. Lakini ukifanya hesabu ya mlango wa mabati, afadhali mtu ambaye polisi wanajua yuko wapi.

#27 Afande_Mstaafu
Niliyosema #8 ndiyo hayohayo, ila huyu ameyatia Kizungu.

#28 Dada_wa_Gilgil
Rejista ya Uingereza mnaisifu. Watu wa Gilgil tunamkumbuka Mwingereza aliyekuwa na shirika la hisani hapa, akiwaokota wavulana wa mitaani kwa chakula na mahali pa kulala. Mahakama ya Birmingham ilimfunga miaka 17 na miezi 4 mwaka 2015 kwa aliyowatendea. Alikuwa anashikana mikono na kila mkubwa hapa. Watoto walisema mapema, nani angewaamini chokoraa dhidi ya mfadhili?

Aliyepewa uangalizi mkali hapo ni nani? Wavulana. Askari waliwafukuza kila siku kutoka stendi ya matatu.

#29 Mgeni_Leicester
Dada, hilo siwezi kulipinga. Ninachoongeza ni kuwa sheria yao ndiyo iliyowawezesha kumshtaki kwao kwa makosa aliyoyatenda Kenya, na mashahidi walihojiwa hukohuko Kenya. Shule na vituo vya watoto huko nyumbani vinaweza pia kumtaka Mwingereza alete cheti cha polisi wa kwao kabla ya kumpa kazi.

#30 Dada_wa_Gilgil
Kituo kilikuwa chake. Angejiomba cheti?

#31 Sera_na_Data (Nakuru)
Naona hakuna aliyegusa swali la pili la Baba Taji. Katiba, ibara ya 31, inalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka habari za mtu zitumiwe kwa sababu halali na kwa kiasi kinachohitajika. Admini wa kikundi anayesambaza picha ya mtu na madai ya jinai anaweza kushtakiwa kwa Kamishna wa Data, mbali na kesi ya kuchafuliwa jina.

#32 Wakili_wa_Kona
Sheria hiyo ina msamaha kwa matumizi ya nyumbani na ya kibinafsi. Kikundi cha ploti kinaweza kujitetea hapo.

#33 Sera_na_Data
Cha ploti labda. Cha kanisa chenye watu mia tatu? Stendi ya boda?

#34 Wakili_wa_Kona
Hapo nitangojea kesi ya kwanza.

#35 Nyar_Kano
Faragha, faragha. Mnajua ni lini polisi walilazimishwa kuchunguza kesi za watoto? Mei 2013, Mahakama Kuu ya Meru ilisema polisi walivunja haki za wasichana kwa kuacha kuchunguza malalamiko yao. Mwaka huohuo Busia washukiwa wa kumbaka msichana walipewa kazi ya kufyeka nyasi za kituo kisha wakaenda nyumbani. Ilihitaji dunia nzima kupiga kelele ndipo watatu wakafungwa miaka 15 mwaka 2015. Msiniambie niwaachie polisi halafu ninyamaze. Picha ya WhatsApp ni mbaya, nakubali na Boda, lakini imetoka kwa watu waliochoka kungojea.

#36 Afande_Mstaafu
Mwanangu, si polisi wote.

#37 Nyar_Kano
Sikusema wote, baba. Nimesema wa zamu.

#38 Kaka_Mkubwa_Bondeni
Jambo lingine. Rejista mnayoitaka itajaa vijana. Ndugu yangu alikuwa na miaka 19, msichana 17, walipendana, mimba ikaingia, baba yake akaenda polisi. Miaka 15. Msichana alikuja kortini akisema anampenda, haikusaidia. Mahakama ya Rufaa mwaka 2019 ilisema wazi kuwa sheria inawaumiza vijana wa namna hii na nchi ifikirie upya. Halafu Julai 2024 Mahakama ya Juu ikasema vifungo vya chini vilivyowekwa na sheria vibaki. Ndugu yangu akitoka mtamweka kundi moja na yule wa mtoto wa darasa la tano? Picha yake mtaandika nini chini yake?

#39 Mama_Pendo
Huyo ni tofauti.

#40 Kaka_Mkubwa_Bondeni
Mashtaka ni yaleyale, mama. Neno kwa neno.

#41 Mwalimu_Chwele
Kaka, pole. Lakini nimefundisha miaka mingi, na kila mwanamume wa miaka 40 aliyempa mwanafunzi mimba alisema walipendana.

#42 Afisa_Jamii
Nafanya kazi karibu na watu wa probesheni, sisemi kaunti gani. Mnauliza kwa nini kifungu cha 39 hakitumiki. Wakili anasema waendesha mashtaka hawaombi. Afande anasema haki za binadamu. Wengine watasema pesa. Mimi nakaa nikiona kitu kingine: anayemaliza kifungo chote hana deni kwa mtu. Anayeachiliwa kwa masharti anaripoti, kwa sababu akikosa anarudishwa. Aliyemaliza miaka yake yote, bila amri ya korti, nikimtembelea anaweza kunifungia mlango na ana haki. Ninaowachunga kwa bidii ni wa makosa madogo. Wazito wanapita.

Na afisa mmoja ana tarafa nzima na pikipiki isiyo na mafuta. Kwa hivyo wa pesa nao hawajakosea.

#43 Omwami_Lurambe
Kwetu liguru, mzee wa mtaa, anajua kila aliyetoka jela kabla mkewe hajajua. Nyumba Kumi, ule mpango wa majirani kulinda usalama, ilianzishwa 2013 kwa sababu ya magaidi, ifanye basi kazi hii.

#44 Afisa_Jamii
Liguru huyohuyo alikuwepo ndama wa Nyar Kano alipotolewa. Wa aina yake, nisemeje.

#45 Sera_na_Data
Kitu kimoja kinanisumbua tangu #1. Baba Taji, keateka alijuaje? Kuna aliyeona hukumu?

#46 Baba_Taji
Hakuna aliyeona. Keateka anasema aliambiwa na mtu wa kwao. Kusema kweli, wiki moja kabla walikuwa wamegombana juu ya tokeni za stima. Jamaa alidai keateka anaunganisha chumba chake kwenye mita ya wengine.

#47 Kijiti_cha_Rhonda
Hapo sasa. NIS imepata shida.

#48 Msomaji_wa_Njoro
Hukumu za rufaa ziko wazi kwenye tovuti ya Kenya Law, bure. Andika jina.

#49 Jaduong_Mitumba
Nimeandika jina lililo kwenye ile picha (iko kwenye kikundi chetu pia, hapa Kisumu!!). Wametoka watatu tofauti. Mmoja wa unajisi, rufaa yake ilikubaliwa akaachiliwa. Mmoja wa wizi wa ng'ombe. Mmoja ni kesi ya shamba.
[Majina na viungo vimeondolewa na msimamizi]

#50 Mama_Pendo
Rufaa kukubaliwa si kusema hakufanya.

#51 Wakili_wa_Kona
Kisheria maana yake ni kwamba hana hatia. Na hatujui hata kama ni yeye kati ya hao watatu, au wa nne ambaye hakukata rufaa.

#52 Nyar_Kano
Mwambieni Baba Taji tu akamuulize.

#53 Baba_Taji
Nimuulize nini? "Habari ya asubuhi, eti wewe ni mnajisi?" Landilodi ameshampa notisi ya mwezi mmoja. Keateka anasema ni maombi ya wapangaji. Mimi sikutia sahihi popote.

#54 Boda_Pipeline
Chunga vijana wasimalize hiyo notisi kabla ya mwezi. Huku picha bado inazunguka.

#55 Nesi_Zamu_ya_Usiku
Na watoto wa ploti, kuna aliyekaa nao akawaeleza ni mguso gani wa kukataa na wamwambie nani? Jamaa akihama, hilo litabaki halijafanywa.

#56 Mama_Pendo
Wangu nimewaeleza. Mara nyingi. Mdogo anasema nimemchosha.

#57 Mpita_Njia_Kakamega
Samahani kuingilia. Kaka Mkubwa, ndugu yako alikata rufaa? Mpwa wangu ana kesi kama hiyo, atafikisha miaka 18 mwezi wa tatu, na msichana ana 16. Afisa wa dawati la jinsia la polisi ametuambia tuzungumze kifamilia. Baada ya kusoma ya Nyar Kano sijui kama huo ni ushauri au ni mtego.

#58 Wakili_wa_Kona
Usizungumze kifamilia, na usilipe mtu chochote. Umri wake siku ya tukio ndio utakaotazamwa, kwa hivyo tafuta cheti cha kuzaliwa leo, cha msichana pia kama kipo. Fungua uzi wake, tutaongea huko, na usiandike jina la mtoto yeyote.